Cara Black na ufundi wa wavuni

Mchezaji mwenye kimo cha mita 1.67 huanza na mkosi katika tenisi ya wanawake ya kulipwa. Wapinzani wengi humzidi kimo, na mipira yao ya kuanzisha hushuka kwa pembe ambayo yeye hawezi kuipata. Hata hivyo Cara Black wa Zimbabwe alikaa kileleni mwa orodha ya dunia ya wachezaji wa wawili wawili kwa jumla ya wiki 163, akatwaa mataji 60 akiwa na wanawake wenzake, na kwenye mechi za mchanganyiko, mwanamke na mwanamume, akashinda mashindano yote manne makubwa ya dunia. Sasa amestaafu, na huku kwetu uwanda wa kati wa Tanzania jina lake halisikiki sana. Nataka walisikie walimu wa michezo wa Haneti, Itiso na vijiji vya jirani, kwa kuwa alichokifanya kinafundishika hata pasipo vifaa vya bei mbaya.

Baba yake, Don Black, aliyepata kucheza Wimbledon, alitengeneza viwanja vya nyasi nyumbani kwake, kwenye shamba la parachichi nje ya Harare. Ndipo walipofundwa wanawe Byron, Wayne na Cara, kitinda mimba, aliyezaliwa 1979. Byron aliongoza orodha ya dunia ya wawili wawili mwaka 1994, na mwaka huohuo akashinda Roland Garros pamoja na Jonathan Stark. Wayne alishinda US Open 2001 na Australian Open 2005 pamoja na Kevin Ullyett. Oktoba 2005 Cara naye akawa namba moja. Wengi husema ni damu. Mimi naona ni uwanja.

Kwenye nyasi mpira haudundi juu. Unateleza, unabaki chini ya magoti, na anayeusubiri udunde huishia kuuchota kwa shida. Mtoto mdogo anayecheza na kaka zake wenye nguvu katika uwanja wa namna hiyo hujifunza mapema kuuwahi mpira ungali hewani. Tena Harare iko karibu mita 1,490 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mpira husafiri mbali, na anayetegemea nguvu tupu hutoa nje. Kanuni za kimataifa zenyewe zinaruhusu mipira ya aina tofauti kwenye viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Cara alikua akijua kwamba mpira ni wa kuelekezwa, na nguvu ni ya kukopa kwa mpinzani.

Sasa tumtazame kazini. Uwanja wa wawili wawili una upana wa mita 10.97, na ule wa mmoja mmoja mita 8.23. Wavu una mita 0.914 katikati na 1.07 kwenye nguzo. Mwenzake Cara akianzisha kwa kulenga mstari wa katikati, mpokeaji hukosa pembe. Anajikuta anaurudisha mpira kupitia katikati, pale wavu ulipo chini, na Cara yuko njiani. Siri iko kwenye muda wa kuondoka. Akitoka mapema, mpokeaji anamwona na kupiga pembeni alikotoka. Akichelewa, mpira umeshampita. Huondoka pale raketi ya mpokeaji inapoanza kuja mbele, kwa sababu macho ya mpokeaji yameshuka kwenye mpira na hawezi tena kubadili nia. Na haendi kando kwa kando. Anakata mshazari kuelekea wavuni, ili aukute mpira ungali juu ya wavu na aupige kushuka.

Mkono hauvutwi nyuma. Raketi iko mbele ya kifua, inasogea kiasi cha shibiri moja au mbili, na mpira unatumwa miguuni pa mpinzani aliye karibu au kwenye pengo kati ya wawili wao. Ukija chini, yanayoshuka ni magoti, na kichwa cha raketi kinabaki juu ya kifundo cha mkono. Hapa kimo kifupi kinamsaidia, kwani safari ya kufika chini ni fupi.

Jambo la pili ni uchaguzi wa wenza, na kwangu hili ndilo lililorefusha maisha yake ya mchezo. Mwaka 2004 alishinda Wimbledon na Rennae Stubbs wa Australia, wakiwafunga Liezel Huber na Ai Sugiyama 6–3, 7–6. Mwaka uliofuata Huber, mrefu na mwenye mpira mzito wa kuanzisha, alikuwa upande wa Cara, na fainali ya Wimbledon wakaimaliza 6–2, 6–1 dhidi ya Svetlana Kuznetsova na Amélie Mauresmo. Wakaongeza Australian Open na Wimbledon 2007, kisha US Open 2008. Waliachana 2010. Baada ya kujifungua mwaka 2012 Cara alirudi, akaungana na Sania Mirza wa India, mwenye forihendi kali kutoka nyuma. Oktoba 2014, huko Singapore, wakashinda fainali ya kufunga msimu 6–1, 6–0 dhidi ya Hsieh Su-wei na Peng Shuai. Cara alikuwa na miaka 35. Stubbs, Huber, Mirza: kila mmoja alileta uzito, naye akaleta umaliziaji.

Taji kubwa moja tu la wanawake lilimkwepa, la Roland Garros jijini Paris, ambako yeye na Huber walipoteza fainali ya 2005. Sioni kama ni bahati mbaya. Udongo mwekundu wa Paris huupunguza mpira kasi na kuudundisha juu, mpinzani anapata muda wa kupanga miguu na kuuinua juu ya kichwa cha aliye wavuni. Kwenye mchanganyiko alishinda hapohapo 2002 na kaka yake Wayne, watu wawili waliofundwa pamoja kuufuata wavu.

Kwa Afrika Mashariki mlango umeshaguswa. Julai 2022 Angella Okutoyi wa Kenya, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alitwaa taji la wasichana wawili wawili la Wimbledon kwa 3–6, 6–4, 11–9.

Viwanja vya shule zetu vya ardhi ngumu huudundisha mpira juu, na ukikuta kokoto unakwenda usikotarajia. Hiyo ni sababu nzuri ya kufundisha kuuwahi hewani, na wasichana wanaocheza netiboli tayari wanajua kufunga njia ya pasi. Mwalimu afunge kamba kwenye miti miwili, katikati iwe sentimita 91 kutoka chini. Wanafunzi wanne, wawili kila upande, hatua tatu kutoka kwenye kamba, wakiwa na raketi au vibao vya mbao, wapigiane mpira. Mpira ukidunda upande wenu, pointi ni ya wenzenu.