Mkono wa Polepole

Kurusha mpira kwa kasi ni kipawa ambacho hata mgeni wa kriketi hukiona. Kuurusha polepole, na bado mpigaji hodari akakosa la kufanya, hiyo ni kazi ya fundi. Fundi wetu mkubwa wa kazi hiyo, Aasif Karim, alizaliwa Mombasa, ng'ambo tu ya Likoni kwa sisi wa Kwale.

Alirusha kwa mkono wa kushoto. Aliiongoza Kenya katika Kombe la Dunia la kriketi la 1999, kisha akastaafu. Mwaka 2003 akaitwa tena kwa kombe hilohilo akiwa na miaka 39, umri ambao warushaji wengi wa besiboli kule Marekani wameshaaga uwanja. Tarehe 15 Machi, mjini Durban, Kenya ikakutana na Australia, mabingwa watetezi. Mrushaji wao Brett Lee aliwang'oa Wakenya watatu kwa mipira mitatu mfululizo, na timu yetu ikaambulia mikimbio 174. Mpigaji wao Adam Gilchrist akaanza kuifukuzia kwa fujo. Baadaye Karim akapewa mpira.

Hatua chache, bila papara. Kidole cha shahada kinauzungusha mpira kwenye mshono wake unapoachiwa, nao unapanda juu ya macho ya mpigaji kabla ya kushuka. Mrushaji wa besiboli anasaidiwa na hewa peke yake. Wa kriketi ana ardhi pia, maana mpira wake hudunda kwanza, na pale unapodundia ndipo penye kazi yote. Ukizidi kidogo utapigwa, ukipungua kidogo utapigwa. Wavuvi wanaorusha kimia Gazi na Msambweni wanaijua elimu hii: bega halikunjui kimia, kiganja ndicho hukikunjua, tena kwa wakati wake.

Ricky Ponting, nahodha wao, akanaswa mguu mbele ya wiketi. Darren Lehmann akaugusa tu mpira, ukaishia mikononi mwa Kennedy Otieno wa Kenya. Brad Hogg akamrudishia mpira Karim mwenyewe, naye Karim akaudaka. Hadi mchezo unaisha alikuwa amerusha ova 8 (kila ova ni mipira sita) na mipira 2, na katika ova 6 kati ya hizo hakutoa hata mkimbio mmoja. Alitoa mikimbio 7 kwa jumla, akachukua wiketi 3, yaani za wapigaji hao watatu. Australia walishinda, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa yeye, na kwangu mimi hakuna siku ambayo mkono wa mtu wa Pwani umeheshimiwa zaidi uwanjani.

Huku kwetu soka limetawala, nami silionei wivu. Ila maji yakipwa Diani, ule mchanga mgumu unatosha kabisa kwa mtoto mmoja mwenye shoto na mpira wa tenisi. Walimu wa michezo, toka Ukunda hadi Lungalunga, wasimhimize kutupa kwa nguvu. Wamchoree duara dogo, wamwache auangushe mpira humo tena na tena, mpaka kidole kizoee.