"Knave" na Mizani ya Uungwana

Msomaji anayelikuta neno la Kiingereza "knave" katika tamthilia za Shakespeare, akalifasiri kwa "ayari" au "laghai" kila linapotokea, hakukosea maana. Ila amelipokonya neno hilo nusu ya umri wake.

Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa "cnafa", yaani mvulana, na ndugu yake wa Kijerumani, "Knabe", amebaki na maana hiyo hiyo. Kutoka mvulana likawa mvulana wa kutumwa. Kutoka mtumishi likawa mtu duni. Na kutoka mtu duni likawa mtu asiye na heshima wala uaminifu. Mvulana mwenyewe hakutenda kosa lolote njiani. Kilichogeuka ni jicho la aliyemtuma: bwana aliuona uduni wa kazi, akauita uduni wa tabia.

Katika "Julius Caesar", tamthilia ya mwaka 1599 hivi, maana hizo mbili zinaishi nyumba moja. Onyesho la kwanza, mmoja wa wakuu wa Roma anamtupia neno hilo fundi viatu, kwa kuwa fundi amemjibu kwa mafumbo. Hapo ni tusi, na ni tusi la mwenye cheo kwa mwenye kazi ya mikono. Lakini katika tendo la nne, usiku kambini, kijana Lucius anasinzia huku akimpigia Brutus muziki. Brutus anakitwaa chombo taratibu kisije kikavunjika, na kumwita kijana yule kwa neno lile lile. Hapo ni neno la huruma.

Hapo ndipo mfasiri anapojaribiwa. Mwalimu Julius Nyerere aliitoa tafsiri yake ya tamthilia hii mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la "Juliasi Kaizari". Yeyote atakayeifuata njia hiyo leo hawezi kutegemea neno moja. Akimwita fundi viatu "mshenzi", atakuwa karibu na kiburi cha yule mkuu. Akimwita Lucius hivyo, atamfanya Brutus katili katika saa ya upole wake. "Mwanangu" litafaa zaidi, ingawa mwangwi wa utumishi utapotea.

Na lugha ya pwani isijione imesalimika. "Ghulamu" kwa Kiarabu ni mvulana, kisha ni mtumishi. Na katika karata ndiye huyo huyo ambaye Waingereza walimwita "knave". "Boi" lilitoka kwa Waingereza likiwa na maana ya mtoto wa kiume, likaishia jikoni kwa mzungu, akaitwa hivyo hata mtu mzima mwenye wajukuu. "Muungwana" alikuwa kwanza mtu asiye mtumwa. "Mshenzi" alikuwa mtu wa bara kabla ya kuwa mtu asiye na adabu. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini maneno hayakuisikia amri hiyo.

Basi mashairi ya lawama yana jambo la kupimwa zaidi ya vina na mizani. Malenga anayemwita mtu laghai, mzandiki au mhaini anashuhudia tendo, na ushahidi wake unaweza kukubaliwa au kukanushwa. Anayemwita mwanaharamu au mtwana hashuhudii lolote. Anarudia hukumu ya nasaba iliyotolewa na watu waliokwisha kufa, tena juu ya mtu asiyeweza kujitetea, kwani hakuna ajichaguliaye mzazi. Ubeti wa namna hiyo huweza kuwa mkali na kutimia vina vyote, na bado ukawa umemkosa mlengwa.

Wahenga walikwisha kulikata shauri hili waliposema kuwa uungwana ni vitendo. Kama uungwana ni vitendo, kinyume chake nacho hakiwezi kuwa kuzaliwa. Fundi viatu wa Roma alikuwa na kazi yake na ulimi wake mwepesi. Aliyekosa uungwana barabarani siku ile ni yule aliyemtukana.