Waliondoa Sakafu

Batman: The Ride, treni ya burudani iliyofunguliwa mwaka 1992 karibu na Chicago, inaning'inia chini ya reli ya chuma, miguu ya abiria ikielea hewani. Inapinduka mara tano. Nikiitazama kwa video hapa Sumbawanga, naona ujanja wake: kimo ni mita 30 hivi tu, kinachotisha ni kukosa sakafu. Nawavulia kofia. Lakini hofu hiyo imefungwa mkanda, na abiria hurudishwa pale pale alipopandia. Kwenye Lyamba lya Mfipa, barabara ya kutoka Bonde la Rukwa inakwea karibu mita 1,000. Akina mama hukaa juu ya magunia ya mpunga kwenye fuso, bila mkanda, na kila kona mazungumzo hukatika.