Uchakavu wa Kuigiza

Mwaka 1873 Jacob Davis na Levi Strauss wa Marekani walipata hataza ya kukaza kwa ribiti mifuko ya suruali za kazi. Nili ya jinzi hushika nje ya uzi tu, kiini kikabaki cheupe; basi goti lililopauka lilikuwa ushahidi wa jasho la mchimba madini. Leo kijana huisugua yake nyumbani kwa msasa, apate sura ya kazi asiyoifanya. Ni uigaji mtupu, lakini hatumlaumu sana: anachokidhuru ni kitambaa chake mwenyewe. Lawama yetu ni kwa karakana zilizouza uigaji huo kwa kupuliza mchanga. Nchini Uturuki vumbi lake liliwaua vibarua vijana kwa maradhi ya mapafu, hata serikali ikaipiga marufuku njia hiyo mwaka 2009, suruali zenyewe zikiwa zimekwisha kuvaliwa ng'ambo.