Kiuno cha Jiko

Ukikaribia Shauri Moyo, Nairobi, nyundo ndizo zinazokupokea. Mafundi wanakata mapipa ya zamani, wanayakunja na kuyagonga mpaka yanakuwa lile jiko la mkaa ambalo karibu kila nyumba ya mjini Afrika Mashariki inalijua: juu pana, katikati limebanwa kiuno, chini limetanuka tena, na ndani yake umepachikwa udongo uliochomwa. Wataalamu wa nishati huliita Kenya Ceramic Jiko. Wanunuzi huliita jiko, basi. Limezoeleka mno hata mtu akadhani bibi zetu walizaliwa wakalikuta. Hawakulikuta. Ni bidhaa ya miaka ya 1980, iliyofikiriwa mezani, ikatafutiwa fedha, ikapikiwa majaribio, ikalalamikiwa, ikarekebishwa, ndipo ikapelekwa sokoni.

Kazi hiyo ya kulichukua wazo likiwa changa na kulisindikiza mpaka mkononi mwa mnunuzi ni ufundi, ingawa haina karakana yake wala nembo. Anayeifanya ni mshenga. Anakwenda huku na kule kati ya mhandisi, mfinyanzi, mfua bati, mfadhili na mama mwenye sufuria, kila mmoja ana masharti yake, na siku ya harusi hakuna anayemkumbuka. Mimi namkumbuka.

Shida yenyewe ilikuwa wazi. Jiko la zamani lilikuwa bati tupu, na joto lake jingi lilipotelea ubavuni badala ya kupanda kwenye sufuria. Mkaa ulikuwa ukipanda bei, na miti ya kuuchoma ilikuwa ikipungua. Lakini tusijidanganye: hakuna mpishi aliyeandamana kudai jiko jipya. Alichotaka ni gunia lake la mkaa lidumu zaidi. Agosti 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya na jadidifu vya nishati, na hotuba hazikukosekana. Waliobaki na kazi baada ya wageni kuondoka walikuwa Wizara ya Nishati, mradi uliofadhiliwa na Marekani kupitia USAID, na KENGO, mwavuli wa mashirika ya mazingira. Ndio waliopaswa kugeuza lalamiko la mkaa kuwa kitu cha kushikika.

Hawakuanza na karatasi tupu. Thailand ilikuwa na jiko lake lenye umbo la ndoo: bati nje, udongo mzito ndani, na kinga ya joto katikati. Wakenya walikwenda kuliangalia, wakarudi na wazo. Msimamizi mvivu angeishia hapo, akaagiza elfu moja na kuitisha sherehe ya uzinduzi. Ndoo ya Thailand, hata hivyo, chini ni nyembamba kuliko juu, na wapishi wa kwao hawasongi ugali. Ugali unataka nguvu. Mpishi anaegemea mwiko kwa mabega, sufuria inasukumwa, na jiko lisilokaa imara litamwaga maji ya moto pamoja na makaa miguuni mwake. Jambo hilo halimo katika vipimo vya maabara. Maabara huchemsha maji, na maji hayasukumi mtu.

Kwa hiyo umbo likabadilika. Kitako kikatanuliwa ili jiko lisimame imara, katikati pakabanwa ili udongo wa ndani ukalie hapo bila kuteleza. Maxwell Kinyanjui ni mmoja wa Wakenya ambao majina yao yamefungamana na ubunifu huo, na maoni ya wanawake waliopikia sampuli za mwanzo yaliingia ndani yake pia. Udongo ukaachwa kwenye nusu ya juu tu, pale makaa yanapokaa. Uamuzi huu wa mwisho naupenda kuliko yote. Kuujaza udongo mpaka chini kungeonekana kama uangalifu mkubwa zaidi, lakini kungeongeza uzito, gharama na nafasi za kupasuka. Kujua mahali pa kukoma kuongeza ni sehemu ngumu ya kazi hii, kwa maana kila aliyeko mezani huja na nyongeza yake na hakuna anayekuja na punguzo.

Kupasuka kulikuwapo vilevile. Bati na udongo havitanuki sawa vinapopata moto, na udongo usioiva vizuri tanurini haudumu. Kati ya bati na udongo pakajazwa saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayostahimili joto, ili vitu viwili vyenye tabia tofauti viishi nyumba moja.

Kisha likaja swali la nani atengeneze. Mradi wenye fedha za kigeni hushawishika kujenga kiwanda, kwa kuwa kiwanda kinapigika picha. Hapa kazi ilipelekwa kwa mafundi wa jua kali, walewale waliokuwa wakitengeneza jiko la zamani na ambao wangeweza kuliua jipya kwa kulidharau tu. Walifundishwa, wakapewa vipimo. Na kwa kuwa mfua bati si mfinyanzi, kazi iligawanyika: mmoja anachoma udongo, mwingine anakunja bati, wa tatu anaunganisha na kuuza. Ili hilo liwezekane ilibidi udongo wa huyu uingie kwenye bati la yule bila wao kujuana. Hapo ndipo mshenga wetu anapotoa jasho, katika sentimita. Akikosea kipimo, kuna marundo mawili ya bidhaa zisizooana na watu wawili wanaodai pesa zao.

Sokoni jiko liliingia kwa bei iliyowatisha maskini, na wanunuzi wa kwanza walikuwa watu wa mjini wenye kipato cha kueleweka. Wapo wanaolitaja hilo kama aibu. Sikubaliani nao. Mnunuzi wa mwanzo mwenye uwezo ndiye aliyewapa mafundi sababu ya kuendelea kujifunza, na mafundi walipoongezeka bei ikashuka. Ahadi kwa mnunuzi ilikuwa rahisi kuihakiki: mkaa unaookolewa, kati ya asilimia 20 na 50 kutegemea ubora wa jiko na mkono wa mpishi, ungelipa gharama ya jiko ndani ya miezi michache. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, majiko zaidi ya 700,000 yalikuwa yakitumika nchini Kenya, na zaidi ya nusu ya nyumba za mijini zilikuwa nalo.

Mafanikio yalileta waigaji. Hapakuwa na hataza ya kuwazuia, na wengi walikunja bati jembamba na kupachika udongo mbichi nusu, mnunuzi akagundua baada ya majuma machache. Ni gharama halisi, wala siipuuzi. Jiko bovu humharibia jina hata fundi mwaminifu. Lakini kama umbo lile lingefungiwa kwenye kampuni moja, nyundo za Shauri Moyo zingeendelea kutengeneza jiko la bati tupu, na bei isingeshuka kwa kasi ile. Aliyelilea wazo alilazimika kuvumilia kuliona likiharibiwa na watu ambao asingeweza kuwafukuza kazi. Wasimamizi wengi hawana moyo huo.

Nje ya Kenya jiko lilisafiri kwa majina mengine. Dar es Salaam liliitwa Jiko Bora, Senegal wana Sakkanal, na Addis Ababa kuna Lakech. Kila mahali palihitaji mtu wa kuanza tena na maswali ya jikoni, na Ethiopia inaonyesha kwa nini. Lakech lilifaa kwa mchuzi na kahawa, lakini injera, mkate bapa wa huko, haiokwi juu ya jiko dogo la mkaa. Inataka bamba pana na moto uliotandazwa sawasawa, kwa hiyo jiko lenye kiuno halikuwa na la kuisaidia hata lingerekebishwa vipi. Injera ilibidi itafutiwe jiko lake la kuni, Mirt, lenye vipande vya saruji na mawe mepesi ya volkano, na waliolishughulikia wakaanzia mwanzo kabisa, kwa mpishi.