Nani Anenaye? Sauti za Wasemaji katika Kitabu cha Ayubu na Matumizi Yake katika Maisha ya Kikristo

Makala haya yanahakiki namna Kitabu cha Ayubu kinavyosomwa na kutumiwa na Wakristo wasemao Kiswahili, hususani nchini Tanzania. Hoja yetu ni kwamba kitabu hiki ni majibizano ya wasemaji wanaopingana. Mstari ukinyofolewa humo bila kuuliza nani anasema, anamwambia nani na katika hali gani, msomaji anaweza kulishika kwa imani neno ambalo kitabu chenyewe kimelikataa. Athari ya kosa hilo haiishii darasani; inawafikia wagonjwa vitandani na wafiwa matangani.

Ipo mistari mitatu ambayo mtu aliyekulia katika makanisa yetu hahitaji kufunguliwa Biblia ili aikumbuke. Wa kwanza ni Ayubu 22:21, unaomhimiza mtu amjue Mungu ili apate amani na mema. Huu huonekana kwenye kalenda, fulana za kwaya na vioo vya daladala. Wa pili ni 22:28, unaoahidi kwamba lile mtu alikusudialo litathibitika. Huu umekuwa nguzo ya mahubiri mengi ya mafanikio. Wa tatu ni 8:7, wenye habari za mwanzo mdogo na mwisho mkubwa, nao hupendwa na wafunguao maduka. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo uliotamkwa na Mungu, wala na Ayubu, wala na msimulizi. Miwili ya kwanza ni maneno ya Elifazi Mtemani. Wa tatu ni wa Bildadi Mshuhi.

Muktadha wa kila mstari unatia uzito swali hilo. Bildadi anapoanza kusema katika sura ya 8, Ayubu amefiwa na watoto 10, wa kiume saba na wa kike watatu. Katika mstari wa 4 Bildadi anadokeza kwamba watoto hao walitenda dhambi, na Mungu akawatoa wakabiliane na matokeo ya kosa lao. Mistari mitatu baadaye ndipo inapokuja ahadi ya mwisho mkubwa. Ahadi hiyo, kwa hiyo, ni nusu ya pili ya hoja ambayo nusu yake ya kwanza inasema: watoto wako walistahili kufa, wewe jirekebishe utaneemeka. Mwenye duka aliyeuandika mstari huo juu ya mlango wake hana nia hiyo hata kidogo, na hatumlaumu. Lakini mhubiri anayeusoma mbele ya wafiwa anapaswa kujua umetoka wapi.

Hali ya Elifazi ni nzito zaidi. Katika 22:5–9 anamtungia Ayubu orodha ya makosa: amewanyima maji wenye kiu, amewanyima chakula wenye njaa, amewafukuza wajane mikono mitupu. Msomaji anajua kwamba huu ni uzushi, kwa sababu msimulizi amekwisha kumtambulisha Ayubu kuwa mkamilifu katika 1:1, na Mungu mwenyewe amelirudia jambo hilo mara mbili, katika 1:8 na 2:3. Hiki ndicho kinaya kinachokibeba kitabu kizima. Msomaji anajua kilichozungumzwa mbinguni, ilhali wahusika waliokaa majivuni hawajui. Ule mwito mtamu wa kumjua Mungu unafuata mara tu baada ya mashtaka hayo, na maana yake kwa Ayubu ni kwamba hamjui Mungu.

Kisha inakuja hukumu. Katika 42:7 Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na juu ya rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Ni nadra kazi ya fasihi kumpa mhusika mwenye mamlaka ya juu kabisa nafasi ya kuhakiki hotuba za wahusika wengine. Hapa jambo hilo limefanyika, na bado tunaendelea kuzinukuu hotuba zilizohukumiwa kana kwamba sura ya 42 haikuandikwa. Ayubu mwenyewe alikuwa amelitabiri hilo katika 13:7–10, alipowauliza wenzake kama watasema uongo kwa ajili ya kumtetea Mungu, akawaonya kwamba Mungu hatawaacha bila kuwakemea.

Kuna jambo la lugha katika 42:7 linalostahili kusimamiwa kidogo. Kihusishi cha Kiebrania kilichotumiwa hapo kinaweza kufasiriwa "kunihusu" au "kwangu". Biblia ya Union, iliyotolewa mwaka 1952, imechagua maana ya kwanza, kama zilivyofanya tafsiri nyingi, na uchaguzi huo unakubalika. Hata hivyo, maana ya pili inaafikiana na umbo la matini kwa namna ya kushangaza. Ayubu anapozungumza huanza kwa kuwajibu rafiki zake, kisha katikati ya hotuba hugeuka na kumsemesha Mungu ana kwa ana. Ndivyo ilivyo katika sura ya 7, ya 10 na sehemu ya pili ya 13. Elifazi, Bildadi na Sofari hawafanyi hivyo hata mara moja. Wana mengi ya kusema habari za Mungu, ila hawana neno la kumwambia. Kwa mtazamo wetu, hapa ndipo kitabu kinapomfaa zaidi Mkristo wa leo: malalamiko yaliyoelekezwa kwa Mungu yamehesabiwa kuwa bora kuliko utetezi wa Mungu uliotolewa kwa gharama ya mtu anayeumia.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yetu linatoka ndani ya Biblia yenyewe. Katika 1 Wakorintho 3:19 Paulo ananukuu Ayubu 5:13, nayo ni maneno ya Elifazi, na anayanukuu kama Maandiko. Je, Paulo naye amekosea? Hatufikiri hivyo. Rafiki za Ayubu hawasemi uongo katika kila sentensi. Mengi wanayosema yana mwangwi katika Mithali na Zaburi. Kosa lao ni kulichukua neno la jumla na kulielekeza kwa mtu asiyelistahili. Paulo analielekeza kwingine: kwa wale wanaojivunia hekima yao. Tukitazama vizuri, Elifazi mwenyewe ni mmoja wa wenye hekima walionaswa. Basi hatudai kwamba mistari ya rafiki za Ayubu ifutwe kwenye kalenda. Tunadai kwamba aliyeitamka, na aliyetamkiwa, ni sehemu ya maana yake. Vivyo hivyo, si kila neno la Ayubu limepitishwa: katika 38:2 na 40:2 naye anakemewa, na 42:7 haipaswi kusomwa kana kwamba kemeo hilo halikuwapo.

Liko suala jingine ambalo ni la Waswahili hasa. Yakobo 5:11 katika Biblia ya Union inataja subira ya Ayubu, na neno hilo halikuingia katika tafsiri likiwa tupu. Kiswahili kilikuwa nalo kutoka Kiarabu, na katika mapokeo ya Kiislamu ya pwani Ayubu alikuwa tayari kielelezo cha subira. Ndivyo anavyosawiriwa katika Utenzi wa Ayubu, ambao J. W. T. Allen aliuchapisha katika mkusanyiko wake wa tendi mwaka 1971. Mkristo anayesoma Kitabu cha Ayubu kwa Kiswahili huja na Ayubu huyo akilini, pamoja na methali isemayo subira yavuta heri. Matokeo yake ni kwamba anasoma sura ya 1, ya 2 na ya mwisho, na sura zote za katikati zinakuwa daraja la kuvukia haraka. Lakini neno la Kigiriki alilolitumia Yakobo linabeba maana ya kusimama imara chini ya mzigo, na mtu anaweza kusimama imara huku akipiga kelele. Ayubu wa sura ya 3 anailaani siku aliyozaliwa. Kama hiyo nayo ni subira, basi subira yake ni pana kuliko ukimya tunaowadai wafiwa.

Mtafiti amewahi kukaa katika msiba ambapo mama aliyefiwa na mtoto aliambiwa na mhubiri kwamba machozi yake yanaonyesha upungufu wa imani, kisha ukasomwa ule mstari wa 1:21. Mstari huo ulikuwa wa Ayubu mwenyewe, tofauti na mingine tuliyoijadili, lakini Ayubu aliusema baada ya kurarua joho lake na kunyoa kichwa, katika 1:20. Mhubiri aliacha kusoma sentensi moja kabla.

Inafaa pia kuwatendea haki rafiki watatu. Kabla hawajafungua vinywa walifanya jambo ambalo Mswahili yeyote analitambua: walisafiri kutoka kwao, walilia kwa sauti, wakakaa chini pamoja na mfiwa siku saba mchana na usiku pasipo mtu kumwambia neno (2:11–13). Walikaa matanga. Mwishoni, katika 42:11, ndugu na jamaa wanakuja tena, wanakula naye nyumbani kwake, wanamlilia na kumfariji, na kila mmoja anatoa fedha na pete ya dhahabu. Wafasiri wa mafanikio huukimbilia mstari unaofuata, ambapo kondoo 7,000 wamekuwa 14,000 na ngamia 3,000 wamekuwa 6,000. Watoto hawakuongezwa maradufu. Wanazaliwa saba na watatu, idadi ileile ya mwanzo, na wale wa kwanza hawatajwi kuwa wamerudi.