Ndege ya Farman Ilivyotua Mtoni Rufiji

Tarehe 11 Julai 1915 ndege ya Kiingereza aina ya Henri Farman, yenye mabawa ya juu na ya chini, ilitua majini katika delta ya Rufiji baada ya injini kupigwa, ikapinduka. Rubani John Cull na mwangalizi Harwood Arnold walitoka hai.

Kazi yao ilikuwa kuongoza mizinga. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoondoka Dar es Salaam siku chache kabla ya vita vya 1914, ilikuwa imejificha ndani ya mikoko. Meli za mizinga za Kiingereza, Severn na Mersey, ziliingia mtoni lakini hazikuweza kuiona. Ndege ziliruka kutoka Mafia. Mwangalizi alitazama kila kombora limeangukia wapi, akapeleka masahihisho kwa simu ya upepo. Tarehe 6 Julai meli zote mbili zilipiga pamoja, ikawa vigumu kujua kombora lipi ni la nani. Mara ya pili, tarehe 11, zilipokezana, na Severn ikaipata shabaha.

Ndipo ndege nayo ikapigwa. Injini ya Farman iko nyuma ya watu: mwangalizi huona vizuri bila kuzibwa na pangaboi, lakini ndege ikianguka, uzito huo unaweza kuwaangukia. Mabawa mapana yaliiwezesha kushuka taratibu bila injini, na Arnold akaendelea kutuma masahihisho huku wakishuka. Cull alielekea maji yaliyo karibu na Mersey, kwa kuwa kingo zote mbili za mto zilikuwa mikoko. Ndege ya magurudumu ikigusa maji, magurudumu hukamatwa ghafla, mwili husukumwa mbele na mkia hupanda. Kupinduka kulikuwa kwa kutarajiwa. Boti ya Mersey iliwaokota.

Siku hiyohiyo Wajerumani waliizamisha Königsberg wenyewe. Baadaye waliopoa mizinga yake 10 ya sentimita 10.5, na karakana za Dar es Salaam zikaiundia magurudumu ya kukokotwa nchi kavu. Mmoja upo hadi leo katika Ngome ya Yesu, Mombasa.